Asilimia Sitini na Tatu

Mara ya kwanza kompyuta ilizimika Alhamisi alasiri, nikiwa jikoni nachambua maharagwe. Nilikwenda sebuleni kuiangalia nikakuta kioo cheusi. Dakika chache kabla ya hapo nilikuwa nimepita nikaona namba kwenye kioo hicho, sitini na mbili, ikielekea sitini na tatu. Sasa hapakuwa na namba wala mwanga. Nilibonyeza kitufe cha kuiwasha, haikuitika. Nikarudi kwa maharagwe yangu, nikaendelea kutoa mawe.

Nayataja maharagwe ili ieleweke nilikuwa katika hali gani. Mtu mwenye akili zake angepiga kelele. Kompyuta ile ndiyo niliyopaswa kufanyia mtihani wangu wa mwisho wa diploma ya ualimu wa chekechea, Jumatatu saa tatu asubuhi. Chuo kilikuwa kimetutumia ujumbe kwamba mtihani hautafunguka kwenye mashine yenye mfumo wa zamani, na mfumo uliokuwa ndani ya kompyuta yangu ulikuwa wa zamani kweli. Ilikuwa lazima niuondoe na kuweka mpya. Mwalimu mkuu wa shule yangu, hapa Voi, alikuwa ameshasema kwamba muhula ujao asiye na diploma asijisumbue kuja. Kazi ikiisha, nyumba ya kupanga imeisha. Na nyumba ikiisha, mama mkwe wangu anarudi mlimani kwa mwanawe wa pili, mahali ambapo yeye mwenyewe alikuwa amesema hataki kwenda.

Hayo yote niliyajua. Niliyajua kama ninavyojua kwamba kuna treni inapita Voi. Inapita, sawa, na mimi siisafirii.

Mume wangu alikuwa amefariki miezi mitano kabla. Aliugua wiki tatu tu. Kati ya siku hizo, siku kumi na tisa nilikaa kando ya kitanda chake nikitazama namba kwenye mashine iliyofungwa kidoleni mwake. Tisini na moja. Themanini na nane. Tisini. Themanini na tano. Muuguzi akipita ananiambia nisiitazame sana ile mashine, nimtazame mgonjwa. Lakini namba ikiwa mbele yako huwezi kuiacha. Tangu siku hizo sikutaka kabisa kukaa mbele ya kitu kinachohesabu. Kwa hiyo mfumo mpya ulipoanza kuingia kwenye kompyuta, na namba ikaanza kupanda kutoka sifuri, niliondoka. Nilikuwa napita tu kuchungulia, kisha natoka tena.

Baada ya mazishi sikulia. Watu walisema nina moyo mgumu, wengine wakasema nina imani. Sikuwa na moja wala nyingine. Nilikuwa nimekufa ganzi. Chai ya moto naimeza, sisikii. Watoto darasani wakinikumbatia miguuni, nahisi uzito wao basi. Jirani akinipa pole nashukuru, kisha nakumbuka sikuanika nguo.

Mama mkwe alikuwa amekuja kukaa nasi Voi miaka miwili kabla ya hapo, miguu ilipoanza kukataa njia za milimani juu ya Mwatate. Voi hakuipenda. Joto lilimwonea lakini sweta hakuivua, aliifunga vifungo hadi shingoni kana kwamba bado yuko kwao kwenye ukungu. Lakini adui yake mkubwa hakuwa joto, alikuwa vumbi. Lile vumbi jekundu linaingia hata mahali ambapo hapana tundu. Mama alipigana nalo kwa vitambaa. Alifuma vitambaa vya uzi wa sufu, vizito, vyeupe vyenye ukingo wa kijani, akavitandika kila mahali. Kulikuwa na cha televisheni, cha redio, cha mtungi wa maji, cha mgongo wa kila kiti, na cha meza. Juu ya vitambaa, chochote kilichobaki wazi alikifunika kwa leso. Nyumbani kwetu ukitaka kunywa maji unafunua, ukitaka kula unafunua, ukitaka kusikia habari unafunua. Nilikuwa nimezoea. Mkono wangu ulifunua wenyewe bila kuniuliza.

Mtoto hatukujaliwa, mimi na mume wangu. Kwa hiyo kwenye kikao cha kumaliza matanga, watu walipokaa kuamua mambo, hapakuwa na kamba ya damu kati yangu na mama. Shemeji yangu alisema kwa adabu kabisa kwamba mama ni wao, atarudi nyumbani. Mama akasema anabaki Voi. Wakamuuliza kwa nini. Akasema, "Nimezoea." Shemeji akanitazama, akasema haya, mradi dada ana nyumba. Sikujua kama anabaki kwa sababu yangu au kwa sababu ya kitanda cha mwanawe. Sikumuuliza. Tuliishi kama abiria wawili wanaosubiri gari moja, mmoja anampisha mwenzake kiti.

Kompyuta yenyewe aliinunua mume wangu, imeshatumika, kutoka ofisi moja Mombasa iliyokuwa ikibadilisha vifaa. Aliileta kwa treni akiwa ameipakata. Betri yake ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo bila waya wa stima haina maisha. Herufi mbili zilikuwa zimefutika. Lakini alikuja nayo kifua mbele, akaiweka mezani, akaniambia, "Mwalimu, hakuna kisingizio tena." Yeye ndiye aliyenisukuma nianze kusoma. Mimi nilikuwa nimeridhika na cheti changu.

Basi. Alhamisi jioni nilijaribu tena. Mashine ilikataa kuwaka kwa karibu nusu saa, kisha ikakubali yenyewe bila sababu. Nikaanza upya kutoka sifuri. Nikaenda kuoga. Nikarudi: nyeusi.

Ijumaa nilimwambia mwenzangu shuleni, mwalimu wa darasa la pili, kwamba kompyuta inazima katikati ya safari. Akasema lazima ni flashi, hizi flashi nyingi ni bandia, akaniazima yake yenye mfumo ule ule. Nilijaribu nayo. Ikazima sitini na moja. Nikatafuta kwenye simu, nikasoma maelezo ya watu wenye shida kama yangu. Mmoja alisema diski imekufa, mwingine akasema kumbukumbu ya mashine imelegea, ifunguliwe isukumwe. Wa tatu alisema aliomba, ikakubali. Niliandika majaribio yangu nyuma ya karatasi ambayo mtoto mmoja alikuwa amenichorea ndovu: jaribio la kwanza, sitini na tatu, la pili, sijui, la tatu, sitini na moja, la nne, sitini na tatu. Nilikuwa naandika kwa mwandiko mzuri. Mtu angeiona karatasi ile angesema hapa kuna mtu makini anayehangaikia maisha yake.

Mama alikuwa amekaa kiti chake karibu na dirisha, anafuma. Hakuwa anajua kompyuta inafanya nini, ila alijua Jumatatu kuna mtihani. Aliniuliza, "Bado inagoma?"

"Bado, mama."

"Labda imechoka. Imetoka kwa watu wengine, huwezi kujua waliifanyisha kazi gani."

"Labda."

"Njoo ule kwanza. Chakula kikipoa hakina utamu."

Nikaenda nikala. Nyuma yangu nilisikia kiti chake kikilia, akisimama. Sikugeuka.

Jumamosi asubuhi niliibeba kompyuta kwa fundi, kwenye kibanda kilicho nyuma ya soko. Ni mtu mzima, Mwislamu wa upande wa Taveta, mpole, wa kusema maneno yote mpaka mwisho wake. Juu ya benchi lake hakuna kitu ila bisibisi, brashi na kikombe cha kahawa tungu. Aliigeuza kompyuta kifudifudi, akaifungua, akapuliza, akasukuma vitu ndani yake kwa kidole gumba, akaifunga. Akaijaribu diski. Akaijaribu kumbukumbu. Kila alipomaliza jambo alisema, "Hili nalo zima."

"Kwa hiyo ina nini?" nikamuuliza.

"Dada yangu, mashine hii haina maradhi. Ina uzee tu, na uzee si maradhi. Hebu tuanze tuone."

Akachomeka flashi, akaanza. Nikatoka nje, nikasimama mbele ya muuza nyanya kama mtu anayechagua. Baada ya muda fundi akaniita. Nilipoingia akanionyesha kioo kwa fahari: sabini na tisa. Imepita. Nilipaswa kufurahi. Nilisema, "Asante," nikatazama ukutani, kwenye kalenda. Ilifika themanini na nane, nikiwa bado naitazama kalenda, na hapo stima ikapotea. Soko zima liliguna kwa pamoja. Kompyuta isiyo na betri ikazima papo hapo.

Tulisubiri stima mpaka saa kumi. Haikurudi. Fundi akaanza kufunga vyombo vyake, Jumapili alikuwa na harusi kwao Taveta na gari lake lilikuwa linaondoka. Alinihurumia, niliona. Akasimama na ufunguo mkononi akafikiri.

"Sikiliza, dada. Kwangu imepita. Kwako haipiti. Basi ugonjwa hauko kwenye mashine, uko huko kwako. Unaiweka wapi ukiwa unaitumia?"

"Mezani."

"Si kitandani? Maana wako wanaoiweka juu ya godoro."

"Hapana, mezani."

"Meza tupu?"

"Tupu," nikasema.

Wala sikudanganya. Kwetu meza yenye kitambaa ni meza tupu. Meza isiyo na kitambaa ni mbao.

Fundi akasema basi huenda ni soketi, nibadilishe soketi. Nikarudi nyumbani kwa bodaboda, kompyuta kifuani. Stima iliporudi saa kumi na mbili nilihamishia mashine kwenye meza ndogo ya chumbani, soketi tofauti, nikaanza. Mama alikuja nyuma yangu na kitambaa, akaitandikia meza hiyo ndogo, akasogeza mashine juu yake akainyoosha vizuri. Nikamshukuru. Nikaenda kusonga ugali. Ilizima kabla ugali haujaiva.

Usiku huo nililala vizuri sana. Hilo ndilo linaloniogopesha nikikumbuka. Nilikuwa nimebakiza siku moja na nililala kama jiwe.

Jumapili mama alikwenda kanisani, kama kawaida, kwa mwendo wake wa kupumzika kila baada ya nguzo tatu za stima. Mimi nilisema kichwa kinaniuma. Hakikuuma. Sikutaka kuulizwa hali na watu ishirini. Nilirudisha kompyuta meza ya sebuleni, nikaianzisha tena, kwa mazoea tu, kama mtu anayepiga simu ambayo anajua haitapokelewa. Kisha, kwa kuwa zamu ya kupika ilikuwa ya mama na hapakuwa na cha kuchambua, nikakaa mbele yake.

Sijui kwa nini nilikaa siku hiyo. Labda nilikuwa nimechoka kuondoka. Namba ikaanza. Nne. Saba. Kumi na mbili. Mwanzoni nilitaka kusimama. Nikajishika kwenye kiti. Arobaini. Hamsini na tano. Sitini. Nilisikia feni ndogo ndani ya mashine ikivuma, ikipumua kwa nguvu. Sitini na mbili. Sitini na tatu. Ilikaa hapo muda mrefu, kisha, bila sherehe yoyote, ikawa sitini na nne.

Nikaitazama mpaka sabini na moja. Mlango ukafunguka, mama akaingia kutoka kanisani, akakung'uta viatu, akavua kitambaa cha kichwa. Akaiona kompyuta. Akasonya kidogo, ule msonyo wa mtu anayekuta mtoto hajafutwa kamasi.

"Umeiacha wazi na dirisha liko wazi. Vumbi lote hili!"

Akachukua leso yake begani, akaikunjua, akaifunika kompyuta yote. Akaichomeka pembeni, huku na huku, vizuri, kama mtu anayemfunika mgonjwa. Kisha akaenda jikoni kuchemsha ndizi na maharagwe ya kuponda kimanga, chakula cha kwao.

Mimi sikusogea. Nilikaa nikiitazama leso. Feni ilivuma juu, ikavuma juu zaidi, ikawa kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Kisha ikanyamaza. Niliinua leso. Kioo kilikuwa cheusi. Niliweka mkono juu yake kwa nyuma, nikautoa haraka, maana iliniunguza. Nikaiinua mashine kutoka mezani. Kitambaa cha sufu kilichokuwa chini yake kilikuwa cha moto kama kishikio cha sufuria, na pale palipokuwa na matundu ya hewa, uzi ulikuwa umekandamizwa ukaacha alama. Matundu yale ndiyo mashine inapumulia. Sufu chini, leso juu. Siku nne tulikuwa tumeishika pua.

Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo ilinijia mara moja, na nakiri kwamba kwa dakika ile niliielekeza jikoni, kwa yule mama mzee. Hasira ilinipanda. Miezi mitano sikuwa nimesikia chochote, na kitu cha kwanza kusikia, baada ya kiganja kuungua, kilikuwa hasira. Nilikwenda mpaka mlangoni mwa jikoni nikiwa na leso mkononi.

"Mama, ni wewe."

Aligeuka na mwiko.

"Ni wewe unayeizima. Kila siku. Naiwasha, unaifunika, inakosa hewa, inakufa. Mtihani ni kesho. Kesho, mama! Nani alikuambia uifunike?"

Sijawahi kumsemesha hivyo kabla wala baada. Mkwe hasemeshwi hivyo. Aliweka mwiko, akaja akaichukua leso mkononi mwangu, akaikunja mara mbili, akaikunja tena, mpaka ikawa kipande cha ukubwa wa kitabu.

"Aliniambia yeye," akasema.

Sikuuliza ni nani.

"Siku ile mlipokuwa mnaenda hospitali. Wewe ulikuwa nje unaongea na mwenye gari. Akaniita. Nikajua atasema habari ya shamba, au habari ya ndugu yake. Akasema, mama, ile kompyuta ya mwalimu, ukiona imebaki wazi ifunike, vumbi litaiua, na yeye anaihitaji." Akaitazama ile leso. "Ni hayo tu. Hakusema lingine. Mimi nilidhani atarudi, sikumuuliza lingine."

Maji ya maharagwe yalikuwa yanafurika, yanamwagikia makaa. Hakuna aliyeyaendea.

"Wewe alikuachia masomo," akasema mama. "Mimi aliniachia hilo vumbi. Ndiyo kazi niliyobaki kufanya hapa. Shemeji yako aliniuliza kwa nini nisirudi nyumbani, ningemjibu nini? Nimwambie nabaki kufunika kompyuta? Na sasa unaniambia ndiyo iliyokuwa inakuharibia."

Nilikaa chini kwenye kigoda cha jikoni, nikalia. Nililia vibaya, kwa sauti, kamasi na yote, mpaka jirani akaita kutoka upande wa pili wa ukuta kuuliza kuna nini. Mama akamjibu hakuna kitu, ni moshi. Nililia kwa ajili ya mume wangu, kwa ajili ya zile namba, na kwa ajili ya mwanamke mzee aliyekuwa amesimama mbele yangu na sweta yake, ambaye kwa miezi mitano nilikuwa nampisha kiti bila kumuuliza anasubiri nini. Iliniuma. Iliniuma mwili mzima, hasa kifuani, na nilishangaa kwamba maumivu yanaweza kuwa nafuu.

Aliniacha nimalize. Aliondoa sufuria motoni. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kuanza kazi, "Sasa inataka nini?"

"Hewa," nikasema.

"Hewa tu?"

"Hewa tu, mama."

Tuliondoa kitambaa mezani. Kwa mara ya kwanza niliiona mbao ya meza ile, ina doa la chai ambalo lazima lilikuwa la wenyewe walioiuza. Nikachukua mfuko wangu wa shule, ule wa vifuniko vya soda tunavyohesabia na watoto, nikatoa vifuniko vinne, nikaweka kimoja kila pembe chini ya kompyuta ili tumbo lake lisiguse meza. Tukangoja ipoe. Mama aliigusa kila baada ya dakika chache kwa kiganja, kama anayepima homa. Alipotosheka akasema, "Washa."

Nikawasha. Nikaanzisha mfumo upya, sifuri. Mama akaenda jikoni, akarudi na kipepeo, kile cha ukindu cha kupepea jiko, chenye ukingo ulioungua. Akavuta kiti chake kutoka dirishani akakileta pembeni ya meza. Akaanza kupepea.

"Mama, si lazima. Ina feni yake ndani."

"Feni yenyewe nimeisikia. Ni mgonjwa."

Alipepea polepole, kwa mpigo mmoja, kama wanavyopepea makaa ambayo hawataki yawake haraka. Macho yake hayasomi maandishi madogo, kwa hiyo kila baada ya muda aliniuliza, "Ngapi sasa?" Nami nikamjibu. Ishirini. Thelathini na moja. Arobaini na nne. Alibadilisha mkono. Nikamwambia nimpokee, akakataa. Hamsini na tisa. Nilikuwa natazama namba na sikutaka kuondoka.

"Ngapi?"

"Sitini na mbili."

Kipepeo kiliongeza mwendo. Sitini na tatu. Stima ingeweza kupotea wakati wowote, hii ni Voi. Haikupotea. Sitini na nne, nikasema, na mama akasema, "Haya," kama mtu aliyepanda mlima na kufika kwenye jiwe la kupumzikia, lakini hakupumzika.

Kimanga tulikila alasiri, mezani hapo hapo, yeye anakula kwa mkono mmoja na kupepea kwa mwingine. Ilifika mia moja. Kioo kikazima. Mama akanishika goti. Kikawaka tena, buluu, safi, na mashine ikaanza kuniuliza maswali madogo madogo: lugha gani, nchi gani. Kisha ikauliza jina la mtumiaji.

Mfumo wa zamani ulikuwa na jina la mume wangu, kwa kuwa yeye ndiye aliyeiwasha siku ya kwanza. Kila nilipoifungua, jina lake lilitangulia kutokea kabla ya kitu kingine chochote. Vidole vyangu vilikaa juu ya herufi. Kisha nikaandika.

"Umeandika nini?" akauliza mama.

"Inataka jina la mwenye kompyuta."

"Ukaandika la nani?"

"Langu, mama."

Kipepeo kilisimama. Alitazama kioo, ingawa najua hakuweza kusoma.

"La kwake limetoka?"

"Limetoka."

"Sawa," akasema. "Si ni wewe unayefanya mtihani?" Akaendelea kupepea, japo kazi ilikuwa imekwisha na mashine imetulia.

Jumatatu saa tatu asubuhi mtihani ulifunguka. Mama alikuwa amekaa kando yangu tangu saa mbili, ameoga, sweta imefungwa vifungo vyote, kipepeo mapajani. Alipepea saa mbili nzima na hakusema neno, hata nilipokwama swali la tano nikaanza kujikuna kichwa. Nilipita, si kwa kishindo, lakini nilipita, na bado tuko katika nyumba ile ile.

Lakini matokeo yalikuja baadaye. Siku ile nilituma majibu, nikaizima kompyuta, na mkono wangu, kwa mazoea yake, ukaenda wenyewe kuichukua leso.

"Iache," akasema mama. "Ipoe kwanza, ndio tuifunike."